Kugeuza jinzi za zamani nyumbani: kwa nini mguu unapinda na sindano zinavunjika

"Shikamoo fundi. Nipo Masasi. Nina jinzi tano: mbili zangu za mtumba, bwanga za zamani, na tatu za mume wangu ambaye kanenepa hazimwingii tena. Nina cherehani ya kukanyaga, Butterfly nyeusi aliyoniachia bibi. Nilianza na moja ya kwangu, nikataka iwe modo, ya kubana miguuni. Nikaigeuza ndani nje, nikailaza juu yake suruali yangu nyingine inayonikaa vizuri, nikachora pembeni, nikashona, nikakata. Nimeivaa mara mbili na kuifua mara moja, sasa mshono wa nje wa mguu wa kulia umekuja mbele, unapita juu ya goti. Na sindano tatu zimevunjika. Jirani yangu anayeshona kaniambia jinzi haishoneki kwa cherehani ya nyumbani, nisijisumbue. Za mume wangu nilitaka nitoe modo nyingine, sketi ndefu na bugaluu, ile suruali inayopanuka chini. Pia nilitaka kuzipausha kwa jiki, halafu niziloweke kwenye siki na chumvi ili rangi ikae. Niendelee au niache?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa sindano.

Nianze na hilo la jirani, maana ndilo linalokukatisha tamaa bure. Cherehani aliyokuachia bibi si ya kudharauliwa. Butterfly nyeusi ni chuma kitupu, kazi yake ni mshono ulionyooka tu, na ukikanyaga taratibu sindano inashuka kwa nguvu ya miguu yako mwenyewe. Vile vicherehani vyepesi vya umeme, vya plastiki, ndivyo vinavyolia vikikutana na jinzi. Hata suruali hizi zenyewe zilitokea kwa fundi wa namna yetu. Jacob Davis, aliyepata wazo la kupigilia ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko, alikuwa fundi cherehani mjini Reno, Marekani, na aliyemsukuma ni mke wa mkata kuni, aliyetaka suruali ya mumewe isichanike kila siku. Yeye na Levi Strauss, mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia vitambaa, walipewa hati ya ubunifu huo tarehe 20 Mei 1873. Davis hakuwa na cherehani ya umeme.

Jirani yako kashika ukweli nusu. Cherehani ya nyumbani inaiweza jinzi. Isiyoiweza ni ile sindano uliyoikuta ndani ya cherehani, ambayo bila shaka ni namba 14 au chini yake, ya kushonea kitenge na sare za shule. Nunua namba 16, na namba 18 kwa zile za mume wako zilizo nzito. Mweleze muuzaji kwamba unataka za jinzi, za cherehani ya nyumbani, zile zenye ubapa upande mmoja wa shina. Za viwandani ni za duara kotekote na hazitakaa kwako. Ukibadilisha sindano, refusha na mshono: ule mfupi wa kushonea gauni unatoboa jinzi matundu yanayokaribiana mno, inakuwa kama karatasi ya stempu inayosubiri kuchanwa. Milimita 3 hadi 3.5 zinatosha, na mshono wa urembo wa juu unaweza kufika 4. Kama unataka ule uzi mnene wa rangi ya chungwa, uweke juu tu; kwenye bobini bakiza uzi wa kawaida.

Lakini namba ya sindano peke yake haivunji sindano tatu. Nitakwambia zilipovunjikia bila kuwepo: pale kwenye nundu, mshono wa pembeni unapokutana na pindo au na kiuno. Pale kitambaa kinarundikana safu sita, saba, wakati mwingine nane. Kile kiguu kinachobana kitambaa kinapopanda nundu, ncha yake ya mbele inanyanyuka na nyuma inabaki chini, kama mtumbwi unaopanda wimbi. Kikikaa hivyo hakibani tena. Meno ya chini yanateleza, mshono unaruka, nawe unaona kazi haiendi, unakivuta kitambaa kwa nyuma kwa mkono. Hapo ndipo. Unapovuta, unaipinda sindano, inashuka ikiwa imeegemea upande, inagonga bamba la chuma badala ya kuingia tunduni, inakatika.

Dawa yake ni ya bure. Kabla ya kushona, weka nundu juu ya kitu kigumu uigonge kwa nyundo mpaka ilainike. Mafundi wote wa jinzi hufanya hivyo na ndiyo maana majirani wanatuona wahunzi. Pitisha kipande kikavu cha sabuni ya mche juu ya mstari utakaoshona, sindano iteleze. Ukiikaribia nundu, simama, kunja kitambaa chakavu mpaka kilingane nayo kwa unene, kisukume chini ya kiguu kwa upande wa nyuma ili kiguu kikae sawa. Halafu toa miguu kwenye kanyagio, uvuke kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Na zile sindano tatu: umepata vipande vyake vyote? Kama kuna ncha haikuonekana, fungua kijumba cha bobini uitafute leo. Ikibaki mle ndani itakwaruza chuma, na hiyo si gharama ya sindano tena.

Sasa mguu uliopinda. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukilielewa hili, mengine yote ni kushona tu.

Chukua kipande ulichokata, ukichambue ukingoni kwa pini. Utaona nyuzi za buluu zinakwenda urefu wa mguu na nyuzi nyeupe zinakatiza. Za buluu ni mtande, nyeupe ni mshindio. Chomoa uzi mmoja wa buluu, uukwangue kwa kucha: ndani ni mweupe. Rangi ya nili haiingii hadi moyoni mwa uzi, inakaa juu juu kama rangi ya chokaa ukutani, na ndiyo maana jinzi hupauka magotini na mapajani kwanza, panaposuguliwa. Halafu angalia usoni mwa kitambaa kwa karibu, kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vimistari vya mshazari, vinapanda upande mmoja. Huo ndio ufumaji wake: kwa kawaida uzi wa buluu unaruka juu ya nyuzi tatu nyeupe na kuzama chini ya mmoja, na kila mstari unaanza hatua moja pembeni ya ule uliotangulia. Kitambaa cha namna hiyo hakitulii wima. Kila kikilowa na kukauka kinajivuta kuufuata mshazari. Viwandani wanajua, kwa hiyo wengi hukiegemeza kitambaa makusudi kabla ya kukata, kisije kikapinda dukani. Hata hivyo jinzi nyingi hupinda kidogo baada ya miaka. Zako za mtumba zimefuliwa mara ngapi kabla hazijafunguliwa kwenye belo? Zilikuwa zimeshapinda zikatulia katika kupinda kwake.

Wewe ukailaza, ukaivuta mshono uje pembeni kabisa kwa sababu ndivyo suruali "inavyotakiwa" kukaa, ukapanga juu yake nyingine, ukachora. Yaani ulikichora kitambaa kikiwa kimenyooshwa kwa nguvu. Ulipoifua kikarudi kilikokuwa, kikiwa na mshono mpya mgongoni. Na nakuhakikishia mguu wa kushoto nao haukusalimika. Mshazari kwenye miguu yote miwili unavuta mzunguko mmoja, hivyo wa kulia mshono umekuja mbele na wa kushoto umekwenda nyuma, ila wa nyuma huuoni. Muulize mume wako akutazame ukiwa umempa mgongo.

Kuna sababu ya pili: ulipunguza pembeni tu. Najua kwa nini, sote tumefanya. Mshono wa nje ni rahisi, umepigwa ofaloku tu, ule mshono wa kuzuia ukingo usichambuke, ilhali ule wa ndani ya mapaja umekunjwa na kushonwa mara mbili na kuufumua ni adhabu. Lakini katikati ya mguu pana mstari wa mtande unaotakiwa kushuka kama timazi, kutoka pajani kupita katikati ya goti hadi mguuni. Ukikata upande mmoja, ule mstari haupo katikati tena, na mguu unazunguka kuutafuta. Tuseme mzunguko wa chini ni sentimita 48 na unataka 36. Unaondoa 12. Zigawe: 6 kwa mshono wa nje, 6 kwa wa ndani, maana yake kila ukingo wa kitambaa, wa mbele na wa nyuma, unapoteza 3. Nikiwa na haraka na mteja anataka kupunguza sentimita 4 tu kwa jumla, mimi mwenyewe natoa nje tu na hakuna anayejua. Zaidi ya hapo sithubutu.

Ya tatu ni ndogo ila inaharibu kazi nzuri. Kwenye cherehani, meno yanavuta kitambaa cha chini na kiguu kinakikawiza cha juu. Kwa kitenge huoni tofauti. Kwa jinzi, ukishona kutoka juu hadi chini bila kushikiza, unafika mwisho kitambaa cha juu kimezidi kwa sentimita nzima. Unakikata usawa, unasema basi. Ile sentimita haikuondoka, imejisambaza mguu mzima. Ndiyo maana nasisitiza piga bandi kwanza: shona kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa rangi nyingine, ukianzia gotini kwenda juu, halafu gotini kwenda chini. Vaa. Kaa kitini, chuchumaa, panda ngazi kama unayo. Ikikukubali, ndipo upige cherehani. Na usikate kitu mpaka uwe umeivaa suruali iliyoshonwa. Mkasi ndiyo kazi ya mwisho mwanangu, wewe uliufanya wa katikati.

Kwa ile jinzi ya pili ya kwako, basi, fuata hivi. Ifue kwa maji ya moto kiasi, ikauke, usiinyooshe kwa mikono. Fumua pindo la chini na mishono yote miwili kuanzia chini hadi kama sentimita 10 chini ya msamba. Msamba wenyewe usiuguse, hapo ndipo suruali ilipobebwa. Mishono mingi ya kiwandani ya ndani ya mguu ni ya mnyororo, na hiyo ina siri: ukikata uzi mahali sahihi na kuvuta upande sahihi, unafumuka wote mfululizo, trrr, kama mdomo wa kiroba cha sukari. Ukikataa kuvutika, jaribu kutokea upande wa pili kabla hujachukua wembe. Laza vipande kitandani kama vyenyewe vinavyotaka kulala, tafuta ule mstari wa buluu wa katikati ya goti, uchoree chaki mpaka chini, na vipimo vyako vyote vipime kutoka kwenye mstari huo kwenda kulia na kushoto. Usipime kutoka kwenye ukingo wa zamani, ukingo ulishakudanganya mara moja.

Modo ina mpaka wake. Zungusha futi kwenye kisigino ipite juu ya mgongo wa unyayo. Kipimo hicho ndicho mlango. Kama ni sentimita 32, na jinzi haivutiki, mdomo wa chini usishuke chini ya 33 au 34, la sivyo utaivaa kwa kulala chali. Gotini acha sentimita 4 zaidi ya mzunguko wa goti likiwa limekunjwa. Kama inavutika, yaani ina nyuzi za mpira ndani ya mshindio, unaweza kubana zaidi, lakini ivute upana na uiachie: ikirudi mara moja ni nzima, ikibaki na mawimbi, na vinyuzi vyeupe vinachomoza kama vinyweleo, mpira umeshakufa na hakuna fundi wa kuufufua. Hiyo ifanye mfuko wa sokoni. Na pasi ya mkaa kwenye jinzi ya kuvutika ni hatari, kwa kuwa joto kali ndilo linaloua mpira huo.

(Usilalamike sana kuhusu modo. Mwanzoni mwa 1969, wakati wa Operesheni Vijana, vijana wa TANU kule Dar es Salaam walikuwa wakiwaandama wavaa vimini, mawigi na suruali za kubana. Ungeshonea na mlango umefunga.)

Tuje kwa jinzi za mume wako. Nitakushauri kitu ambacho hukukiuliza: usitoe modo yako humo. Suruali ya kiume imekatwa kwa mtu ambaye kiuno na makalio yake havitofautiani sana. Ikikutosha makalioni itapwaya kiunoni mpaka mkono upite. Kupunguza kiuno katikati kwa nyuma kunawezekana kwa sentimita 4, hata 5, lakini ukizidi hapo mifuko ya nyuma inakaribiana kama macho ya samaki, na hapo ni kufumua mifuko, mkanda na pembeni. Kazi hiyo haikulipi. Hizo ni mali ya sketi na bugaluu.

Sketi ndiyo kazi nzuri kuliko zote, na kosa lake huwa ni moja. Watu hufumua mshono wa ndani kutoka mguu mmoja hadi mwingine, wakaweka kitambaa katikati, wakashona. Matokeo yake mbele panatokea kitu kama mdomo wa bata. Sababu ni kwamba mshono wa kati wa suruali haushuki wima. Chini ya zipu unapinda kwenda ndani, na nyuma unapinda zaidi kwa sababu ya makalio. Upindo ule uliumbwa upite katikati ya miguu, na sketi haina mahali pa kuupeleka. Kwa hiyo endelea kufumua, kwa mbele mpaka kama sentimita 2 chini ya mwisho wa zipu, usiiguse zipu, na kwa nyuma panda kidogo kidogo huku ukilaza kitambaa mezani. Utaona upande mmoja unapanda juu ya mwingine. Pale vitakapolala bapa bila kuvimba popote, simama. Hakuna kipimo cha kukupa hapo, kila suruali na makalio yake. Shikiza kwa pini upande mmoja juu ya mwingine, fuata mshono wa zamani wa rangi ya chungwa, shona juu yake mistari miwili. Ziada ya ndani ikate baada ya hapo.

Ile pembetatu inayobaki wazi kati ya miguu, jaza kwa kitambaa cha jinzi nyingine ya mume wako, mtande wake ukishuka wima kama wa sketi. Ukiukalisha mshazari, upindo wa chini utaanza kuning'inia upande baada ya wiki chache. Kwa sketi ndefu jinzi moja haitoshi, panga kabisa kwamba mbili zinakwenda, na kwa nyuma acha mpasuo wa kufika chini ya goti, kwa sababu jinzi ndefu isiyo na mpasuo inakufanya utembee kama umefungwa kamba. Kama unapenda nakshi, kitenge kinapendeza katikati, ila kifue kwanza kiwe kimemaliza kusinyaa, na kishonee kitambaa kingine kwa nyuma kwa kuwa ni chepesi kuliko jirani zake. Kanga pia, lakini angalia jina linakatikia wapi. Mteja mmoja alinipa kanga yake mwenyewe nimwekee kwenye sketi, nikakata bila kusoma. Jina likabaki neno moja tu, SITAKI, nalo likakaa makalioni. Nilimfumulia bure.

Bugaluu ni rahisi kuliko hata modo. Fumua mshono wa nje kutoka chini hadi gotini, ingiza pembetatu, ncha yake iwe gotini na kitako chake chini, upana sentimita 15 hadi 20. Fundisho moja tu: ile ncha ya juu, usiishone kwa mfululizo. Anza kwenye ncha ushuke upande mmoja, kata uzi, rudi kwenye ncha ushuke upande wa pili. Ukiipitia kwa mshono mmoja unaozunguka, itakunjamana na hutaweza kuificha.

Jiki. Hapa naomba unisikilize kuliko kote nilikosema.

Jiki haifui rangi ya jinzi, inaila. Inaivunjavunja nili mpaka isionekane buluu, na ikimaliza nili inaendelea na pamba yenyewe. Ndiyo maana zile sehemu nyeupe nyeupe ndizo zinazochanika kwanza. Kwenye jinzi ya kuvutika inaua mpira na kuacha umanjano. Na muhimu kuliko yote: jiki ikikutana na siki, au ndimu, au kitu chochote kichachu, inatoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu ya mapafu. Ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kukuangusha. Siki usiichanganye, wala usiimwagie nguo iliyotoka kwenye jiki. Wala dawa ya choo, kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu hata ingekuwa salama, isingekusaidia. Siki na chumvi ni ushauri unaotembea mitandaoni na kwenye vibaraza, lakini nili haishikizwi kwa chumvi. Ilishaingia kwenye uzi kwa njia yake pale kiwandani, na kinachoitoa ni msuguano. Ukitaka jinzi isipauke, ifue mara chache, igeuze ndani nje, maji ya baridi, uianike kivulini. Jua letu la Kusini linapausha kuliko jiki.

Ukishikilia kupausha, basi fanya nje ya nyumba, umevaa glavu za mpira, na jinzi ya pamba tupu: sehemu 1 ya jiki kwa 10 za maji, ndani ya beseni la plastiki. Iloweshe jinzi kwa maji matupu kwanza isije ikanywa jiki kwa mabaka. Itazame kila baada ya dakika 5. Itoe ikiwa bado imekolea kuliko unavyotaka, maana inaendelea kupauka mkononi mwako. Suuza kwa maji mengi, mara nne, tano. Kinachosimamisha jiki ni ile dawa ya kuoshea vidonda ya asilimia 3, haidrojeni peroksaidi, inapatikana duka la dawa. Ongeza kidogo kwenye maji ya ndoo ya mwisho, baada ya kusuuza vizuri, halafu suuza tena. Pausha kabla ya kushona, siyo baada, ili uone kitambaa kilipodhoofika kabla hujakipa kazi ya mshono. Na kama, ninavyodhani, kuna suruali ya shambani humo yenye doa la bibo, lile tunda la mkorosho, usilifuate na jiki. Utomvu wa bibo ukishakaa, jiki itaondoa buluu yote na doa likubakie linakutazama. Weka kiraka kikubwa cha makusudi, mfuko wa pajani kwa mfano.

Kuna kazi ambazo nakuomba umpelekee fundi, na si aibu. Kubadilisha zipu ya jinzi, kwa sababu imeshonwa ndani ya tabaka ambazo zinafunguliwa kwa mpangilio wake. Kupiga ofaloku kwenye kingo zote mpya: nenda nazo zikiwa zimeshakatwa na kujaribiwa, ni kazi ya dakika chache, lakini usipoifanya mshindio mweupe utachambuka kila ukifua mpaka ufike kwenye mshono. Ribiti, usijaribu kushona juu yake wala kuing'oa kwa bisibisi, inatoka na kitambaa. Na kama cherehani, hata baada ya sindano mpya, inaruka mishono kwenye kitambaa chepesi, au unasikia sindano inagusa chuma, usiendelee kukanyaga: zile ajali tatu zimesogeza majira ya sindano na ndoana ya bobini, na hiyo inarekebishwa na fundi wa cherehani, siyo fundi nguo. Kitu kingine, vaa miwani yoyote unapovuka nundu. Sindano ya jinzi ikivunjika inaruka juu.

Ukitaka kwenda kwa fundi, nenda mapema. Kuanzia Oktoba pesa za korosho zinapoanza kuingia, kila kibaraza cha kushonea, kwenu Masasi na huku kwetu Mtwara, kinafurika mpaka sikukuu za mwisho wa mwaka, na jinzi ya kupunguza huwa tunaiweka chini kabisa ya rundo. Nakwambia ukweli wetu.

Ile iliyoharibika usiitupe. Kupinda kunaongezeka kadiri unavyoshuka mguuni, juu ya goti bado ni kidogo. Vaa, kaa kitini, weka alama ya chaki pale unapotaka ufike ukiwa umekaa, ongeza sentimita 3 za pindo, halafu linganisha miguu yote miwili mezani kwa kupima kutoka kiunoni, siyo kutoka msambani, kabla ya kukata. Utapata pensi, na vipande viwili vya chini vya kuzibia ile sketi.